Kufundisha Kinga ya Mtoto dhidi ya Virusi vya UKIMWI: Somo Lililotushinda na Namna Tulivyolirudia

Makala haya yanahusu mada moja tu katika somo la Sayansi, nayo ni jinsi mtoto anavyoweza kupata virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama yake, na jinsi anavyokingwa asivipate. Mada yenyewe ni fupi. Wakufunzi wengi huipa kipindi kimoja, na wengine huiunganisha na magonjwa ya kuambukiza kwa jumla na kuimaliza kwa dakika kumi. Nasi tulifanya hivyo kwa miaka mingi, mpaka lilipotokea jambo tunalotaka kulieleza hapa, ambalo lilitulazimisha kuliandaa somo upya tangu mwanzo.

Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi mmoja wa idara yetu alikuwa ameketi nyuma ya Darasa la Sita katika shule moja ya msingi, akimwangalia mwanachuo wa mwaka wa pili. Andalio la somo lilikuwa safi: shabaha zimeandikwa ipasavyo, zana zipo, hatua zinafuatana. Sisi wenyewe tulikuwa tumelisoma na kulitia sahihi siku mbili kabla. Katika hatua ya tatu mwanachuo aliandika ubaoni kwa hati nzuri: “Mama mwenye virusi vya UKIMWI huzaa mtoto mwenye virusi vya UKIMWI.” Akawataka wanafunzi wainakili sentensi hiyo, nao wakainakili. Msichana mmoja wa safu ya katikati aliweka kalamu chini, akaomba ruhusa ya kutoka, wala hakurudi siku hiyo. Siku ya pili na ya tatu hakuonekana shuleni.

Mwalimu wa darasa alikwenda nyumbani kwao kuuliza. Mama wa binti huyo alikuwa mjamzito, naye alikuwa akitumia dawa kutoka kliniki, jambo ambalo binti alilijua na kulitunza kama siri ya nyumba. Aliposoma sentensi ile ubaoni aliamini kwamba mdogo wake amekwisha kuhukumiwa kabla hajazaliwa. Mama mwenyewe ndiye aliyemweleza mwalimu mkasa huu, akamruhusu atufikishie ili somo lirekebishwe. Tumebadili mambo machache katika masimulizi yetu, watu hao wasipate kutambulika.

Kosa halikuwa la mwanachuo peke yake. Sentensi ile ilikuwamo katika andalio tulilolitia sahihi. Tulikagua mishono ya nguo tusitazame kama inamfaa mvaaji. Na tulipopekua madaftari yetu ya zamani tuliikuta sentensi hiyo hiyo, kwa maneno yanayokaribiana sana, katika maelezo tuliyowapa wanachuo wa miaka iliyotangulia. Kwa hiyo ni sisi tuliomfundisha.

Mbegu mia moja

Jambo la kwanza tulilolazimika kulirekebisha ni kadiri ya hatari. Neno “huzaa” katika sentensi ile ladai kwamba jambo hutokea kila mara. Ukweli sivyo. Ikiwa mama mwenye virusi hakupimwa, hakutumia dawa yoyote, na akamnyonyesha mtoto wake, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni kati ya 15 na 45 kwa kila mia. Mama akitumia dawa ipasavyo, hata akinyonyesha, uwezekano huo hushuka chini ya 5 kwa mia. Na kwa mama aliyeanza dawa kabla ya kushika mimba, virusi vyake vikawa vimefubazwa kabisa, hushuka zaidi ya hapo.

Tarakimu za namna hii zikisomwa tu hazibaki kichwani. Tulizigeuza kuwa zana. Mkufunzi huja darasani na maharage 100 katika bakuli. Kabla ya kueleza lolote, kila mwanachuo huandika katika kipande cha karatasi jibu la swali hili: Watoto 100 wamezaliwa na kunyonyeshwa na mama 100 wenye virusi wasiotumia dawa, wangapi wataambukizwa? Tulipofanya hivyo mara ya kwanza wengi waliandika 100. Baadhi waliandika 80 au 90. Hapakuwa na aliyeandika chini ya 50, na hawa walikuwa watu wazima waliomaliza sekondari.

Ndipo mkufunzi huhesabu mbegu kwa sauti, akizitenga upande mmoja wa meza: moja, mbili, mpaka 15. Husimama hapo kidogo, kisha huendelea mpaka 45. Mbegu 55 zimebaki bakulini. Darasa hunyamaza. Yafaa mwalimu auache ukimya huo kwa muda, lakini asiuache mno, maana hapa pana shimo tulilotumbukia. Mwanachuo mmoja aliinua mkono akasema: “Kumbe zaidi ya nusu huokoka bila dawa, basi dawa za nini?” Hatukuwa tumejiandaa kwa swali hilo. Siku hizi hatungoji liulizwe. Mara tu baada ya kutenga mbegu 45 tunazirudisha bakulini moja moja, tukizihesabu, mpaka zibaki nne. Kazi ya dawa huonekana katika mbegu zile zinazorudi. Kuzirudisha huchukua karibu dakika mbili nzima, na dakika hizo si za kupunguzwa.

Zile nne zilizobaki zilitufundisha jambo jingine. Mwanachuo aliyekuwa akirudia zoezi mbele ya wenzake alizikusanya akazitupa katika kapu la taka, pengine kwa kutaka meza iwe safi. Sauti ikatoka nyuma: “Mbona unawatupa?” Tangu siku hiyo mbegu hizo huwekwa katika kisahani chao, na somo haliwezi kufungwa kabla ya kuzizungumzia. Mtoto aliyeambukizwa na asipate matibabu yumo katika hatari kubwa sana. Karibu nusu ya watoto wa namna hiyo hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Lakini utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa mapema, katika wiki za mwanzo za maisha, hupunguza vifo vyao kwa kiasi cha robo tatu. Watoto waliozaliwa na virusi wako madarasani mwetu leo. Wengine wamo vyuoni, nao hujiandaa kuwa walimu.

Milango mitatu

Virusi vyaweza kumfikia mtoto katika nyakati tatu: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na wakati wa kunyonya. Wanachuo huyakariri haya bila taabu. Taabu hutokea wanapoulizwa kwa nini, sasa, mtoto aliyekaa tumboni miezi tisa aghalabu hutoka salama.

Hapa lugha yetu yenyewe hututega. Twasema mtoto ni damu ya mama yake. Ndugu twawaita damu moja. Usemi huu ni wa ujamaa, lakini mwanafunzi huuchukua kuwa ni habari ya mwili, akadhani kwamba damu ya mama hutiririka moja kwa moja ndani ya mtoto kama maji katika mfereji. Kwa hiyo hana budi kuamini kwamba kilichomo kwa mama kimo kwa mtoto. Mwalimu asiposhughulikia dhana hii, tarakimu zote za mbegu zitaonekana kama miujiza. Tunachora kondo la nyuma ubaoni kwa ukubwa wa kutosha, damu ya mama kwa chaki nyekundu na ya mtoto kwa chaki ya buluu, na ukuta mwembamba katikati. Chakula na hewa hupenya ukuta huo. Damu zenyewe kwa kawaida hazichanganyiki. Mara nyingine ukuta hupenywa na virusi, hasa virusi vikiwa vingi katika damu ya mama, lakini aghalabu huzuia.

Wakati wa kuzaliwa ni mfupi kuliko nyakati nyingine zote, lakini sehemu kubwa ya hatari imo humo, kwa kuwa mtoto hupita katika damu na majimaji ya mama. Ndiyo sababu mama mwenye virusi hushauriwa ajifungulie mahali penye wakunga waliofunzwa, wanaojua nini cha kufanya na nini cha kuepuka, na mtoto huanzishiwa dawa yake ya maji mara baada ya kuzaliwa. Kwa kawaida hunyweshwa dawa hiyo kwa wiki 6, na zaidi ya hapo ikiwa hatari yake ni kubwa. Hatuwafundishi wanachuo vipimo vya dawa. Hiyo ni kazi ya kliniki, na vipimo hubadilika.

Mlango wa tatu, yaani kunyonya, tutaurudia hapa chini kwa kuwa ndio wenye mabishano.

Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba milango yote mitatu ina kufuli moja. Dawa za kufubaza virusi hupunguza virusi katika damu ya mama, na kwa hiyo katika kondo, katika njia ya uzazi na katika maziwa. Mama akiwa mzima, mtoto huwa amekingwa. Michoro yetu ya zamani ilimwonyesha mama kama bomba ambalo virusi hupitia, na mtoto kama ndoo inayosubiri. Wala hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya afya ya mama mwenyewe, kana kwamba baada ya kujifungua kazi yake imekwisha.

Madaftari ya zamani

Kosa hilo lilikuwa na historia yake, na mwalimu yampasa aijue ili asiwalaumu bure waliomtangulia. Nchini Tanzania wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa muda mrefu baada ya hapo hapakuwa na la kumwambia mama mjamzito ila pole. Mwaka 1994 ilibainika huko Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya zidovudini hupunguza maambukizi ya mtoto kwa theluthi mbili. Dawa hiyo, kwa namna ilivyotolewa, ilikuwa ghali na ya kuchosha. Mwaka 1999 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kampala, Uganda: kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama uchungu unapoanza, na matone kwa mtoto ndani ya siku tatu, vilipunguza maambukizi karibu kwa nusu vikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Ilikuwa habari kubwa kwa Afrika Mashariki. Lakini kidonge kile kimoja kilikuwa cha kumkinga mtoto tu. Mama alirudi nyumbani na virusi vyake kama alivyokuja.

Malawi ilikuwa ya kwanza, mwaka 2011, kuamua kwamba kila mjamzito mwenye virusi aanze dawa na aendelee nazo maisha yake yote, bila kungoja augue. Shirika la Afya Duniani likaupokea mpango huo mwaka 2013, na Tanzania ikaanza kuufuata wakati huo huo. Kwa hiyo daftari la maelezo lililoandikwa mwaka 2004, hata kama liliandikwa kwa uangalifu wote, leo lina makosa.

Makosa mabaya zaidi yamo katika habari ya maziwa. Wakati mmoja ushauri ulikuwa kwamba mama mwenye uwezo wa kupata maziwa mbadala kwa usalama na kwa muda wote asinyonyeshe kabisa. Wanachuo wetu wa zamani walilinakili hilo kwa kifupi, “asinyonyeshe”, wakaliacha sharti. Lakini sharti ndilo lililokuwa na uzito. Mapema mwaka 2006 nchini Botswana, ambako mama wengi wenye virusi walikuwa wakipewa maziwa ya kopo na serikali, mvua kubwa zilileta kuhara kulikoua mamia ya watoto wadogo, na waliopatwa zaidi walikuwa wale wasionyonya. Chupa, maji na kopo vilikuwa vimechukua nafasi ya kitu ambacho pamoja na kumlisha mtoto humkinga na maradhi.

Ushauri wa leo, kwa mazingira kama yetu, ni huu: mama mwenye virusi anayetumia dawa amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aanze kumpa vyakula vingine huku akiendelea kunyonyesha angalau mpaka mwaka mmoja, na aweza kufikia miaka 2 au kupita, mradi anaendelea na dawa zake bila kuacha. Hatari ndogo hubaki, wala mwalimu asiseme kwamba haipo. Lakini ni ndogo kuliko hatari ya kuharisha na utapiamlo.

Neno “tu” katika ushauri huo ndilo zito kuliko yote. Uchunguzi uliofanywa Durban na kutangazwa mwaka 1999 uliwashangaza wengi, kwani ulionyesha kwamba watoto waliopewa maziwa ya mama tu waliambukizwa kwa uchache kuliko wale waliopewa maziwa hayo pamoja na vitu vingine. Mwaka 2007 utafiti mwingine wa KwaZulu-Natal, wakati ambapo mama wengi walikuwa bado hawana dawa, ulikuta kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vigumu katika miezi ya mwanzo walikuwa katika hatari karibu mara 11. Maelezo yanayotolewa ni kwamba utumbo wa mtoto mchanga ni laini, na uji au maji yasiyo safi huukwaruza na kuuvimbisha, virusi vikapata pa kupenyea.

Mama mkwe ashinda

Tulidhani kwamba wanachuo wakishayajua hayo somo limekwisha. Tukawapa zoezi la kuigiza: mzazi aliyetoka kujifungua wiki tatu zilizopita yuko nyumbani na mama mkwe wake, ambaye hajui habari ya virusi. Msichana aliyeigiza mzazi alikuwa bora kuliko wote katika mtihani wa mada hii. Mazungumzo yalikwenda hivi:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mtoto analia tangu alfajiri. Ni kiu hiyo. Mpe maji kidogo ya uvuguvugu.”

“Mama, kliniki wamesema asipewe kitu mpaka atimize miezi sita.”

“Kliniki! Mimi nimezaa saba. Wote nimewapa maji, wote nimewapa uji mwepesi, na huyo mumeo ni mmoja wao. Ana kasoro gani?”

Msichana akanyamaza. Darasa likacheka, na mama mkwe, ambaye alikuwa mvulana mwenye khanga kichwani, akanyosha mkono akachukua kikombe. Mtoto akanyweshwa maji.

Kicheko kilipokwisha tuliwauliza wanachuo: Kuna mmoja kati yetu asiyejua ubaya wa kikombe kile? Wote walijua. Lakini mzazi hakuwa na la kusema, kwani kila hoja aliyoijua ilimwongoza kwenye neno asiloweza kulitamka mbele ya mkwe wake. Hapo tulitambua kwamba tulikuwa tumefundisha maarifa bila kufundisha maneno ya kuyatumia.

Tulirudia igizo hilo mara nne. Katika mara ya tatu darasa liligundua lenyewe jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiri: kunyonyesha maziwa ya mama tu kwa miezi 6 ni ushauri unaotolewa kwa mama wote, wenye virusi na wasio navyo. Kwa hiyo mzazi anayeushika hajifichui. Anafanya lile analoambiwa kila mama. Katika mara ya nne mzazi alijibu hivi:

“Ni kweli, mama, umewalea wote vizuri. Siku hizi pale kliniki wametuambia sote, hata jirani yetu hapa, kwamba maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji, na mtoto akinyonya kiu inakwisha. Hebu mpakate mjukuu wako kidogo unibembelezee, mimi nikanywe ule uji, nao maziwa yapate kujaa.”

Uji ukaenda kwa mama badala ya mtoto, na bibi akapata kazi yenye heshima. Mvulana mwenye khanga alitafuta la kujibu asipate. Hoja yenyewe ni sahihi pia kisayansi, kwani karibu sehemu 88 katika 100 za maziwa ya mama ni maji.

Wenzetu waliokuwapo wakati wa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya mwaka 1973 watalitambua jambo hili. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza na kujadiliana, na kilichoipa kampeni ile nguvu ni yale mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kuzimwa, pale kikundi kilipokata shauri kuhusu choo, au maji, au nyasi karibu na nyumba. Tuliacha njia ile kwa kuwa hula muda. Ni kweli hula muda.

Aidha, wavulana wasiachwe waigize wakwe na kucheka tu. Tuliwapa baadaye sehemu ya mume anayeombwa na mkewe waende pamoja kliniki kupimwa. Mmoja wao alikaa kimya dakika nzima, kisha akasema hajui mtu aanzeje kujibu. Tuliona hilo ni jibu la kweli kuliko mengi tuliyoyasikia siku ile, tukalitumia kuanzia kipindi kilichofuata.

Maneno ya ubaoni

Wanafunzi huja darasani na maneno ya mtaani: fulani ana ngoma, fulani kakanyaga miwaya. Hatuoni faida ya kuyakemea kwa ukali. Yakikemewa huhamia nyuma ya darasa. Twayataja mara moja, twauliza anayesikia akiambiwa hivyo hujisikiaje, kisha twaendelea kwa kusema “mtu anayeishi na virusi”. Lakini ubaoni twawa wakali, maana kinachoandikwa ubaoni hunakiliwa na kupelekwa nyumbani. Hatuandiki kwamba mama “humwambukiza” mtoto, kana kwamba ametenda kosa kwa kusudi. Twaandika kwamba mtoto “aweza kupata” virusi, na katika mstari huo huo, si katika mstari unaofuata, twaandika jinsi anavyokingwa. Sentensi ya hatari isiyo na kinga yake haiandikwi kabisa. Kengele yaweza kulia wakati wowote, na mwanafunzi akaondoka na nusu ya habari.

Mwalimu akumbuke pia ni nani walio mbele yake. Tangu Novemba 2021 wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za serikali nchini Tanzania. Katika darasa moja huenda yumo mama anayenyonyesha, yumo aliyezaliwa na virusi, na yumo anayempelekea mama yake dawa. Asiwatafute. Afundishe kana kwamba wote wamo.

Sanduku la maswali

Mwishoni mwa kipindi cha kwanza kila mmoja huandika swali bila jina na kulitia sandukuni. Asiye na swali huandika chochote, hata methali, ili wote waonekane wakiandika kwa muda ule ule. Bila sharti hilo macho yote huwaelekea wachache walioinamia karatasi. Maswali hujibiwa katika kipindi cha pili, baada ya mkufunzi kuyasoma usiku na kutafuta asiyoyajua. Tutaje machache.

Mmoja aliuliza: “Dada alipimwa mimba ikiwa changa, hana. Mtoto amekutwa nao. Nani alikosea?” Huenda hakuna aliyekosea. Mtu aweza kuambukizwa baada ya kipimo cha kwanza, akiwa mjamzito bado au akinyonyesha, na wakati huo virusi huwa vingi mno mwilini mwake, hivyo hatari kwa mtoto huwa kubwa. Ndiyo sababu kupima hurudiwa katika miezi ya mwisho ya mimba, na mahali penye maambukizi mengi hurudiwa hata wakati wa kunyonyesha. Na ndiyo sababu mume naye anahusika. Siku hiyo hiyo ya kipimo cha kwanza hupimwa kaswende pia, ambayo nayo huweza kumfikia mtoto na kumuua tumboni.

Mwingine: “Mtoto wa jirani alipimwa kwa tone la kidole akaonekana anao. Alipokua hana. Je, aliponywa?” Hakuponywa, kwani hakuwa nao. Kipimo cha kidole hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, si virusi vyenyewe. Na mtoto huzaliwa na askari alioazimwa na mama yake, ambao huweza kubaki mpaka miezi 18. Kwa hiyo mtoto mdogo hupimwa kwa njia nyingine: akiwa na umri wa wiki 4 hadi 6 matone ya damu hukaushwa katika karatasi maalumu na kupelekwa maabara kutafuta virusi vyenyewe. Baada ya hapo hupimwa tena, na jibu la mwisho hutolewa anapokuwa ameacha kunyonya. Swali hili hujitokeza kila mwaka, na lisipojibiwa huzaa imani za dawa za uongo.

Swali jingine lilitushtua kwa umakini wake: “Kwa nini shemeji hapewi vile vidonge vya malaria wanavyopewa wajawazito wote mbele ya nesi?” Mama aliyeanzishiwa kotrimoksazoli hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo mbili hazifai kutumiwa pamoja, nayo kotrimoksazoli humkinga na malaria pia. Lakini muulizaji alikuwa amegundua siri ya mtu kwa kuangalia tu foleni. Tulijibu kwamba wapo wajawazito wasiopewa SP kwa sababu mbalimbali, mojawapo ikiwa miili yao kutopatana na dawa za salfa, na kwamba sababu ya mmoja hujulikana na yeye na mkunga wake.

Na liko lililoandikwa kwa penseli, kwa herufi ndogo: “Mtu aliyezaliwa nao akikua anaweza kuzaa asiye nao?” Tulilijibu la kwanza. Aweza, na wapo wengi waliokwisha kuzaa. Aendelee na dawa zake bila kuacha, aseme kliniki mapema kwamba anataka mtoto, apimwe wingi wa virusi kabla ya kushika mimba. Tulirudi kwenye bakuli la maharage tukalipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja alitazame kwa karibu.

Kuhusu kumwalika muuguzi darasani, hatuna la kueleza zaidi ya kwamba yafaa, na apewe maswali ya sandukuni mapema. Ziara ya darasa kwenda kliniki ni jambo jingine. Mwaka wa kwanza tuliwapeleka wanachuo thelathini na zaidi, wenye madaftari, bila kuuliza siku. Walipanga mstari barazani mkabala na akina mama waliokuja kuchukua dawa za mwezi. Wawili kati ya akina mama hao waligeuka wakarudi walikotoka. Muuguzi mkuu alitutoa nje kwa adabu. Akawatuma watu wawafuate wale mama wawili, na mmoja alipatikana. Siku hizi twaenda alasiri, baada ya kazi za kliniki kumalizika, na twaanza kwa kuandika barua ya kuomba tarehe.